Jiko kuukuu la magunzi kwenye banda la gari: namna ya kulea vifaranga Mwanza bila kuwaua kwa moshi

Gari tuliliuza mwaka ambao ada za watoto watatu ziligongana. Likabaki banda lake: mita tatu kwa tano na nusu, ukuta wa tofali za saruji, sakafu ya zege, mlango wa chuma wa mabawa mawili, bati juu bila dari. Huku Buswelu banda kama hilo halikai tupu. Wengine hufungua duka, wengine huweka mpangaji. Mimi niliweka vifaranga.

Mtu wa Makete, kule kwenye baridi ya nyanda za juu kusini, atacheka akisikia mtu wa Mwanza anatafuta jiko la kupashia chumba joto. Ana haki, maana mchana sisi tunagombania kivuli. Lakini mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti kipimajoto changu husoma 17 au 18 alfajiri. Kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 hadi 35, na anazitaka pale alipo yeye, chini kwenye maranda, si pale kichwa chako kilipo. Hapo katikati pana pengo la nyuzi 15 hivi, na hilo ndilo la kuzibwa.

Kundi la kwanza nililea kwa jiko la mkaa la kawaida, wazi, ndani ya banda nililoziba kila tundu kwa matambara. Usiku wa tatu niliingia saa kumi alfajiri kuongeza mkaa. Nilichutama kama dakika kumi, nikainuka kichwa kinagonga na magoti hayana nguvu. Nikasema ni uchovu. Kumulika, vifaranga 23 wamekufa, na hawakuwa wamerundikana kama wanavyofanya wakiona baridi. Walikuwa wametawanyika, wamelegea tu. Ilikuwa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka pale kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha. Ukiivuta inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mkaa ukishakolea hauonyeshi moshi, ndiyo maana watu huuamini, wakaingia nao chumbani na kufunga madirisha. Ningekaa nusu saa zaidi pale, haya ningekuwa sikuandikii.

Tangu siku hiyo naona kazi ya kupasha banda joto ni moja tu: joto libaki ndani, kilichoungua kitoke nje. Mengine yote hapa chini yanaitumikia hiyo.

Kwanza, utachoma nini

Marekani, kwenye majimbo yanayolima mahindi, wapo watu wanaopasha joto mabanda yao ya magari kwa majiko yanayokula vidonge vya vumbi la mbao au punje za mahindi. Parafujo inayozungushwa na mota hudondosha punje chache chache motoni, na feni inapuliza. Kuchoma punje za mahindi! Ukiwa na bibi aliye hai huku Usukumani, usijaribu kumweleza habari hiyo. Halafu mota na feni zinataka umeme, na umeme ndio wa kwanza kuaga usiku wa mvua ya radi. Sisi punje tunaila, gunzi ndilo tunalolichoma.

Magunzi makavu yana joto kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa uzito, kilo mbili zake zinafanya kazi ya kilo moja ya mkaa, hata zikazidi kidogo. Baada ya mavuno, wenye mashine za kupukuchua huko Misungwi, Magu na Kwimba huyaona kama taka, unalipa usafiri tu. Kipimo cha ukavu ni sikio: vunja gunzi, likisema "kwa!" liko tayari, likipinda kwanza ndipo likatike, lirudishe juani. Gunzi bichi linatoa moshi mwingi na kupaka dohani utando mweusi kama lami, ambao siku moja unaweza kushika moto wenyewe humo ndani.

Vumbi la mbao kutoka kwa maseremala linafaa pia, ila kwa jiko la aina nyingine nitakayoieleza. Pumba za mpunga, ambazo Kanda ya Ziwa hazina idadi, zina kasoro mbili: zikiwa peke yake hazishikani, zinaporomoka na kuziba hewa, na karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake inabaki majivu. Mimi nachanganya debe moja la pumba kwa madebe mawili ya vumbi la mbao, basi. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa, plastiki, na vipande vya hadibodi usichome kabisa. Pafu la ndege ni jepesi kuliko lako.

Wiki ya kwanza banda langu linakula karibu gunia moja la magunzi kwa usiku. Kwa kundi zima naweka akiba magunia 15 kabla sijaagiza vifaranga, tena nayaweka nje chini ya paa, si ndani ya banda. Yanavuta panya, panya anavuta nyoka, na cheche moja inatosha.

Kununua jiko lililotumika

Majiko ya pipa utayakuta kwa mafundi wa kuchomelea Nyakato, kwa wauza vyuma chakavu, au kwa mtu aliyefunga mgahawa. Kuna aina mbili.

La kwanza ni la kulisha: pipa la lita 200 lililosimama au kulazwa, lina mlango ubavuni, wavu wa nondo ndani, sehemu ya majivu chini, na tundu la bomba. Hili ndilo la magunzi. Unalilisha kila baada ya saa mbili hivi.

La pili ni la kushindilia: pipa dogo ndani ya kubwa. Unasimamisha bomba laini la inchi mbili na nusu katikati ya lile dogo, unashindilia vumbi la mbao kulizunguka, tabaka kwa tabaka, kisha unalichomoa polepole likiacha shimo. Moto unawashwa chini na kula ukuta wa shimo taratibu. Likishindiliwa vizuri linakwenda saa sita hadi nane bila kuguswa. Uzuri wake ni usingizi. Ubaya wake ni mfuniko: ukiufunua katikati ya safari, gesi iliyojikusanya inakutana na hewa na kulipuka mwako usoni. Aliyenifundisha alikuwa hana nyusi. Mimi natumia la kulisha.

Ukifika kwa fundi usitazame rangi. Rangi ya fedha inapakwa asubuhi ileile unayokuja kununua. Gonga kitako na mzunguko wa chini kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia, chuma kilicholiwa na kutu kinatoa sauti ya boksi. Ingiza tochi ndani, funga mlango, mwambie fundi azungushe kanga au shuka juu yenu muwe gizani: kila tundu litaonekana kama nyota. Tundu la msumari unaweza kuziba. Ufa unaofuata mshono wa kuchomelea, achana nalo. Mlango ukae kwenye fremu bila kucheza, na pawe na kibati cha kufungua na kufunga hewa chini yake. Jiko lisilo na kibati hicho halitawaliki. Litawaka kama tanuri saa mbili usiku na kuzimika saa nane.

Swali muhimu kuliko yote ni pipa lilibeba nini zamani. "Mama, hili lilikuwa la mafuta ya kula tu," fundi ataapa. Nusa kwenye mikunjo ya kitako. Mafuta ya kula au asali ya viwandani hayana neno. Pipa la dawa za mashambani liache hapohapo, hata akikupa bure. Na kama unatengenezesha jipya, usikubali likatwe kwa moto pipa lililowahi kubeba petroli au tina ya rangi kabla halijaoshwa na kujazwa maji, maana mvuke uliobaki humo ni bomu.

Bomba la moshi sasa. Kipande cha mita ya kwanza kutoka kwenye jiko kiwe cha chuma cheusi. Bati la kuezekea na mabomba yenye ngozi ya zinki yakipata moto mkali yanatoa moshi mweupe wenye sumu, unaomwachia mtu homa ya jioni moja na kifaranga hakuna cha kumwachia. Mbele zaidi, moshi ukishapoa, bati linafaa. Upana usipungue inchi nne.

Ukifika nyumbani, liwashe nje uani kwa saa tatu au nne, moto mkali, mpaka rangi yote iungue na harufu iishe. Majirani watauliza. Waambie.

Kuliweka ndani

Usijaribu kupasha banda zima. Bati tupu juu linanyonya joto lote na kulirusha angani. Nilikata banda kwa pazia la viroba vilivyoshonwa, kisha nikashusha dari ya muda, mita moja na themanini kutoka sakafuni, kama mtu anayefunga chandarua. Dari hiyo ni viroba, isipokuwa juu ya jiko na bomba: hapo ni bati, mita moja kila upande. Kitu chochote kinachoweza kuungua, iwe kiroba, hadibodi, mbao au gunia la chakula, kisikaribie jiko chini ya mita moja. Ukuta wa tofali hauna shida, nusu mita inatosha.

Jiko likae juu ya tabaka mbili za matofali ya kuchoma, kwa sababu zege likipata moto wa moja kwa moja linapasuka na kurusha vipande. Matofali hayohayo nimeyapanga nje ya jiko pande tatu, bila udongo, nafasi ya vidole viwili kati yake na pipa. Yanakunywa joto saa tatu za kwanza na kulirudisha moto ukilala. Utashawishika kutumia mawe, maana Mwanza nani asiye na mawe uani. Hayo makubwa makavu ya mlimani sina ugomvi nayo, lakini mawe ya ufukweni yana maji ndani ya nyufa zake, na yakipata moto yanaweza kupasuka kwa kishindo.

Dohani yangu inapanda kidogo kutoka kwenye jiko, inapita ukutani, halafu inasimama wima nje. Nilichagua ukuta na si paa kwa sababu tatu: tofali haliungui wakati kenchi ya mbao inaungua, bati la paa ukishalitoboa litavuja mpaka uzeeni, na kusafisha nikiwa nimesimama chini ni rahisi. Kipande cha kulala kiwe kifupi, kikipanda kuelekea nje, na kona zisizidi mbili. Chini ya sehemu ya nje fundi aweke tii, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la T, yenye kizibo, ili masizi na maji yadondokee hapo badala ya kurudi jikoni. Juu, mdomo wa dohani upite sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita tatu kwa sentimita 60 au zaidi, na uvishwe kofia ya bati ya kuzuia mvua.

Kwenye kila kiungo weka skrubu tatu, kisha paka udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu na mchanga mchache. Udongo huu utapasuka moto wa kwanza. Paka tena ufa ukingali na uvuguvugu, na wa pili hushika.

Habari ya upepo wataalamu wa vitabu hawatakwambia, kwa sababu hawaishi hapa. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Moto wako mkubwa ni wa usiku, kwa hiyo jaribu dohani usiku, si saa nane mchana fundi akiwa bado hajalipwa. Na kama nyumba yako, kama nyingi za hapa, imejibanza chini ya jabali, upepo unaopita juu ya jabali unaanguka upande wa pili kama maji na kusukuma moshi urudi ndani. Mimi ilibidi niongeze mita nzima ya bomba, na waya mbili za kulishika, kabla moshi haujakubali kupanda.

Jaribio lenyewe ni rahisi: washa jiko mpaka likolee, kisha pitisha kijiti cha udi polepole kwenye kila kiungo, pembeni mwa mlango na kwenye mshono wa kitako. Moshi wa udi ukivutwa kuingia, pazuri. Ukipulizwa kurudi kwako, hapo panavuja. Zima, ziba, rudia. Sikuruka hatua hii tangu wale 23.

Hewa

Hapa ndipo watu wazima wanapokosea, kwa huruma. Wanaziba kila kitu ili joto lisitoke. Jiko nalo linahitaji hewa, na lisipoipata kwenye tundu litaivuta kupitia dohani, pamoja na moshi wake.

Nilitoboa ukuta chini, nyuma ya jiko, tundu la upana wa tofali moja. Hewa baridi inaingia hapo, inapita kwenye jiko moja kwa moja, haiwagusi vifaranga. Upande wa pili, juu kabisa chini ya dari ya viroba, niliacha nafasi ya kiganja. Hapo ndipo hewa chafu ya pumzi na kinyesi inapotokea. Matundu haya mawili hayafungwi usiku wala mchana, hata mvua inyeshe vipi.

Kama banda lako lina mlango unaoingia nyumbani, uzibe kando zake zote kwa mpira au vitambaa. Na mtu asilale humo. Si mlinzi, si kijana wa kazi, si wewe kwa "dakika kumi tu". Ukiingia ukasikia kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu, toka kwanza, fungua mlango wa chuma wote, ndipo uanze kufikiri. Kengele ndogo za betri za kupima gesi hiyo zipo. Ukiipata, itundike usawa wa kifua chako.

Siku moja kabla, na siku yenyewe

Washa jiko saa 24 kabla vifaranga hawajafika. Hewa inapata joto kwa nusu saa, zege halipati. Kifaranga anasimama kwa miguu, na miguu ikipoa tumbo linapoa. Mwaga maranda ya unene wa sentimita tano hadi nane. Maranda, si vumbi la mbao, kwa kuwa vumbi watalila wakidhani ni chakula. Juu yake siku mbili za kwanza wengi hutandika magazeti; mimi natandika maboksi yaliyofunuliwa upande wenye mikwaruzo, kwani gazeti linateleza na miguu inatanuka.

Duara la hadibodi lenye kimo cha sentimita 45 na upana wa mita mbili linatosha vifaranga 100 kwa siku tatu nne za mwanzo, kisha unalitanua. Liwe duara kweli, lisiwe na kona, maana wakiogopa hukimbilia kona na wa chini wanakosa pumzi. Ukingo mmoja uwe mita moja kutoka kwenye jiko, mwingine uende mbali, ili kila mmoja ajichagulie joto lake. Kati ya duara na jiko simamisha wavu wa chuma, kwa ajili ya watoto wako zaidi kuliko vifaranga.

Wakifika, maji kwanza, yenye uvuguvugu, chombo kimoja kwa kila vifaranga 50. Chovya midomo ya wachache, wengine wataiga. Chakula baada ya saa moja au mbili. Taa ndogo ya sola iwake usiku, la sivyo hawali.

Kipimajoto kining'inizwe usawa wa mgongo wa kifaranga, ndani ya duara, si ukutani. Wiki ya kwanza nyuzi 32 hadi 35, halafu unashusha kama nyuzi tatu kila wiki. Kwa hali ya hewa yetu, wiki ya tatu mchana jiko linazimwa kabisa, na mwisho wa wiki ya nne wengi wanakuwa na manyoya ya kutosha hata usiku. Msimu wa kiangazi cha Septemba nimewahi kumaliza siku ya 20.

Lakini kipimajoto ni shahidi mmoja tu. Wasome wao. Wakirundikana upande wa jiko na kulia kwa sauti kali, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingo wa mbali, mabawa yameachwa wazi, midomo inahema, umezidisha. Wakijikusanya upande mmoja usio wa jiko, kuna upepo unaopenya. Lowesha mkono, utafute unatokea wapi. Wakiwa wametawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala wamejinyoosha kama watoto baada ya ugali, ondoka, funga mlango taratibu. Ukiwa na shaka, chukua mmoja, gusisha nyayo zake shavuni kwako. Zikiwa baridi, humo ndani ni baridi, hata kipimajoto kiseme nini.

Na chutama. Harufu kama ya mkojo usiyoisikia umesimama utaikuta huko chini. Macho yakiwasha, maranda yamelowa: ondoa yaliyoloa, ongeza makavu, tanua tundu la juu.

Ratiba ya usiku

Yangu ni hii. Saa kumi na mbili jioni naondoa majivu na kuwasha upya. Saa mbili na saa nne nalisha kidogo kidogo. Kabla ya kulala, saa tano, naongeza magunzi na kubana kibati cha hewa kibaki nafasi ya kidole kimoja, sifungi kabisa. Moto uliofungwa kabisa ndio unaotengeneza gesi. Saa nane usiku naamka, na huo ndio ugumu wa kazi hii, sitakudanganya. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote: baridi imefika chini kabisa, moto umechoka, na wewe umechoka. Wengi wanaopoteza vifaranga huwapoteza saa hiyo. Kama una kijana wa kusaidiana naye, mpe saa tano, wewe chukua alfajiri.

Kulisha: fungua kibati cha hewa kwanza, subiri moto uamke na dohani ivute, ndipo ufungue mlango wa jiko, polepole. Ukiufungua ghafla moshi unakurukia. Magunzi yaingie nusu debe kwa wakati mmoja. Ukijaza hadi juu yatatoa moshi mwingi kwa pamoja, halafu yawake yote.

Utaona majivu ya magunzi yanashikana na kuwa vigae vigumu kama mawe juu ya wavu. Ni chumvi za kwenye gunzi zinazoyeyuka moto ukizidi. Wamarekani wenye majiko ya punje wana kero hiyohiyo, na wengine huchanganya maganda ya chaza yaliyosagwa kuipunguza. Sisi maganda ya konokono wa ziwani tunawasagia kuku wa mayai, basi inatosha kupunguza hewa na kuchokoa wavu kwa nondo kila asubuhi.

Majivu yatie kwenye debe la chuma lenye mfuniko, nje, mbali na magunia, yakae siku nzima. Yanaonekana yamekufa, ndani yana kaa. Yakishapoa kweli ni mazuri kwa mchicha na migomba, kiasi. Ndoo ya maji na debe la mchanga vikae mlangoni siku zote, na mlango wa chuma usifungwe kwa kufuli kukiwa na moto.

Chanjo zifuate ratiba ya afisa mifugo wa kata: kwa kawaida ya ugonjwa wa kideri (mdondo) karibu siku ya saba, na ya ugonjwa wa Gumboro karibu siku ya 14. Jiko halizuii kideri.

Baada ya kundi

Wakishatoka, toa maranda yote, fagia, osha, acha banda wazi wiki mbili. Fungua kizibo cha tii, pitisha brashi au fungu la matawi makavu yaliyofungwa kwa waya ndani ya bomba kutoka juu hadi chini. Utatoa ndoo ya masizi. Kagua kitako cha jiko tena kwa nyundo. Mvuke wa Ziwa hauna huruma na chuma kilichokaa bila kazi. Paka mafuta machafu ya injini kwa nje tu, na msimu ujao uyaunguze nje uani kabla ya kuliingiza.

Mdomo wa dohani uzibe kwa kiroba, nyuki wasihamie. Mwaka jana niliuziba vizuri sana, nikakisahau kiroba, nikawasha jiko vifaranga 100 wakiwa njiani kutoka stendi ya Nyegezi. Tuliwapokea sebuleni, kwenye maboksi, chini ya meza ya televisheni, mpaka saa tatu usiku. Sasa nina kibati kidogo nilichokiandika kwa msumari TOA KIROBA, kimefungwa kwa waya kwenye komeo la mlango wa jiko, na huwezi kufungua komeo bila kukikata.